Nyumba Karibu na Shule: Hesabu Kodi, Kisha Uhesabu Njia ya Mtoto

Somo kwa wazazi na walezi wanaotafuta nyumba ya kupanga katika Kaunti ya Machakos

Kila mwanzo wa Januari, barabara za mji wa Machakos na zile za Mavoko hupitwa na pikapu zilizobeba magodoro, meza na mitungi ya gesi. Ni msimu wa kuhama. Kwa familia zenye watoto wa shule, tatizo huonekana wiki moja au mbili baadaye. Kodi na dipositi zimelipwa, vyombo vimepangwa, kisha mzazi anaambiwa darasa la mwanawe katika shule ya jirani limejaa. Au nafasi ipo, lakini njia ya kwenda shuleni inakatiza barabara kuu ambayo mtoto wa miaka saba hawezi kuivuka peke yake. Pesa za kuhama tena hazipo, na muhula umeshaanza.

Somo hili linaeleza hatua za kutafuta nyumba karibu na shule kwa mpangilio unaookoa pesa na kumlinda mtoto. Msingi wake ni mmoja: gharama ya nyumba ya mzazi si kodi peke yake. Ni kodi pamoja na njia ambayo mtoto ataipita asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki.

Hatua ya 1: Shule kwanza, nyumba baadaye

Wapangaji wengi huanza na nyumba, kisha huuliza shule. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza shule ya umma kumbagua mtoto anapotafuta nafasi. Hata hivyo, haki hiyo haiongezi madawati katika darasa lililojaa. Kabla ya kulipa dipositi yoyote, mzazi anafaa kufika shuleni mwenyewe na kuuliza kama kuna nafasi katika gredi ya mtoto wake. Abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ripoti ya mwisho ya masomo. Mtoto anayetoka shule nyingine huhitaji pia kuhamishwa katika mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Elimu, jambo linalohitaji ushirikiano wa shule anayotoka. Kazi hiyo ianze mapema, kabla shule hazijafungwa kwa likizo ndefu.

Jambo la pili la kuuliza ni madarasa yaliyopo. Chini ya mtaala wa sasa, mtoto hupitia miaka miwili ya chekechea, yaani PP1 na PP2, sita ya shule ya msingi na mitatu ya sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9. Tangu 2023, sekondari msingi za umma zimekuwa katika shule za msingi. Maana yake ni kwamba shule moja yenye chekechea, msingi na sekondari msingi katika uwanja mmoja inaweza kumfaa mtoto kwa miaka 11. Kwa mpangaji, hiyo ni sababu ya kutafuta eneo atakalokaa kwa muda, badala ya nyumba ya kusogeza mwaka mmoja. Sekondari ya juu, kuanzia Gredi ya 10, ni hesabu nyingine kwa sababu wanafunzi hupangiwa shule, na wengi hulala bweni.

Kuhusu malipo, Sheria ya Elimu ya Msingi inasema shule ya umma haitozi karo ya masomo. Tozo nyingine zinahitaji idhini, mtoto hafai kunyimwa masomo kwa kukosa kuzilipa, na yeyote anayezikusanya lazima atoe risiti rasmi. Mzazi anayeombwa pesa ili "apewe nafasi" aombe risiti papo hapo.

Hatua ya 2: Pima njia kwa miguu ya mtoto

Tangazo la nyumba husema "dakika tano kutoka shuleni". Dakika tano za nani? Za pikipiki, za mtu mzima mwenye haraka, au za mtoto wa PP2 aliyebeba mkoba? Njia bora ya kujua ni kuitembea asubuhi ya siku ya shule, na ikiwezekana pamoja na mtoto. Jumamosi mchana barabara huwa na sura nyingine kabisa.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kuwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na baada ya hapo michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na dakika 45. Mtoto anayeishi umbali wa saa nzima huondoka kabla jua halijapanda na hurudi likikaribia kuzama. Anayeishi umbali wa dakika 20 hutembea mwangani asubuhi na jioni.

Hatari za njiani hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine katika kaunti hii, na mzazi anafaa kujua za eneo lake.

Mlolongo, Syokimau na Athi River: Barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa hupitia hapa, pamoja na malori mazito yanayoelekea bandarini na yanayotoka huko. Swali la kwanza ni upande: shule na nyumba ziko upande mmoja wa barabara? Ikiwa sivyo, daraja la wapita njia liko wapi, na je, mtoto atalifikia bila kushawishika kukata katikati ya magari? Nyumba ya bei nafuu iliyo upande usiofaa wa barabara kuu inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Katani na nyanda za Athi kwa jumla: Udongo mweusi wa huko hugeuka tope zito mvua ikinyesha. Njia inayopitika Februari huenda isipitike Novemba. Kuna pia machimbo ya mawe, na yaliyoachwa hujaa maji. Mzazi aulize wenyeji kama njia ya mkato inayotumiwa na watoto inapita kando ya shimo lolote.

Mji wa Machakos na viunga vyake: Mji umekaa chini ya milima ya Iveti, na vijito vya mchanga vinavyoonekana vikavu mwaka mzima huweza kujaa ghafla mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Disemba zinapoanza. Njia inayovuka kijito bila daraja inahitaji njia mbadala inayojulikana mapema.

Kwa anayepanga kutumia bodaboda, Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki. Watoto wawili ni safari mbili. Watatu waliobanwa kwenye kiti kimoja ni kuvunja sheria na kuchezea maisha yao.

Hatua ya 3: Weka nyumba mbili kwenye karatasi

Chukua mfano wa mzazi mwenye watoto wawili katika shule ya msingi anayechagua kati ya nyumba mbili za chumba kimoja cha kulala. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake.

Nyumba ya kwanza ni ya Sh6,500 kwa mwezi na iko kilomita nne kutoka shuleni. Bodaboda ni Sh50 kwa kila mtoto kwa safari moja, yaani Sh200 kwa siku kwa wote wawili, kwenda na kurudi. Kwa siku 20 za masomo katika mwezi, hiyo ni Sh4,000. Maji ya mfereji hayapo. Familia inanunua mitungi minne ya lita 20 kila siku kwa Sh20 kila mmoja, yaani Sh2,400 kwa mwezi. Jumla ni Sh12,900.

Nyumba ya pili ni ya Sh9,500. Watoto wanatembea dakika 15 kwenye njia salama. Maji ya mfereji yapo, na bili ni kama Sh500. Jumla ni Sh10,000.

Nyumba iliyoonekana ghali kwa Sh3,000 ndiyo nafuu kwa Sh2,900 kila mwezi wa masomo. Wakati wa likizo hesabu hubadilika: nyumba ya kwanza haina gharama ya bodaboda, inashuka hadi Sh8,900, na inakuwa nafuu kwa Sh1,100. Tukichukua miezi tisa ya masomo na mitatu ya likizo, nyumba ya pili bado inaokoa Sh22,800 kwa mwaka. Pesa hizo zinatosha kodi ya miezi miwili, na baki inayopatikana huenda kwenye sare na vitabu.

Si kila nyumba ya karibu ni bora. Nyumba iliyopakana na baa au stendi ya matatu inaweza kumnyima mtoto usingizi na nafasi ya kusoma. Vilevile, karibu na vyuo, kama Chuo Kikuu cha Machakos, wazazi hushindania vyumba na wanafunzi, hasa chuo kinapofunguliwa. Wakati mwingine kusogea dakika kumi zaidi kwa miguu kunaleta nyumba tulivu na ya bei ya chini. Kila anayefikiria hivyo arudie hesabu yake na arudie pia kuitembea njia.

Hatua ya 4: Uliza ndani ya ploti

Msimamizi wa ploti, au keateka, atamweleza mgeni mazuri ya nyumba. Wapangaji wenyewe ndio watakaomweleza mengine. Kuuliza si ujinga, na watu wawili au watatu wakiulizwa bila keateka kuwapo, ukweli hupatikana haraka.

Maji: Bwawa la Maruba ndilo chanzo kinachojulikana cha maji ya mji wa Machakos, lakini kuwepo kwa mfereji si sawa na kuwepo kwa maji. Mpangaji aulize maji huja siku ngapi kwa wiki, kama kuna tangi, na nani hulipia pampu. Katika nyanda za Athi, ploti nyingi hutegemea visima. Maji ya visima vingi vya huko yana chumvi na madini ya floridi, ambayo yakizidi huacha madoa kwenye meno ya watoto wanaokua. Familia yenye watoto wadogo iulize wenyeji wananunua wapi maji ya kunywa, na iongeze gharama hiyo kwenye hesabu.

Stima: Je, mita ya tokeni ni ya nyumba hiyo peke yake, au inatumiwa na nyumba kadhaa? Kuna deni la mpangaji aliyetangulia? Mita ya pamoja huleta ugomvi wa kila mwezi.

Usalama na watoto: Lango hufungwa saa ngapi? Ngazi na roshani zina vizuizi? Tangi la chini lina kifuniko kinachofungwa? Watoto wanaruhusiwa kucheza uani? Zipo ploti zenye masharti kuhusu watoto, na ni heri kuyajua kabla ya kulipa.

Jengo: Nyufa kubwa ukutani, maji yanayovuja kutoka ghorofa ya juu, au alama ya X iliyochorwa na wakaguzi ni sababu za kutosha za kuondoka bila kurudi.

Hatua ya 5: Pesa na karatasi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mahali pa kulikumbuka hilo zaidi ya siku ya kulipa dipositi.

Ulaghai wa kawaida huanza na picha nzuri ya nyumba na bei ya chini. Anayejiita ajenti anadai watu wengine wanaitaka, na anaomba pesa za "kuishikilia" kwa M-Pesa kabla mteja hajaiona. Kanuni ni rahisi: asiyeona nyumba asilipe. Mpangaji afike, aingie ndani, na aulize majirani mwenye nyumba ni nani na kodi hulipwa vipi. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa lilingane na jina la mwenye nyumba au la kampuni iliyo kwenye mkataba. Ajenti wa nyumba anatakiwa na sheria kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba na Ardhi, na mteja ana haki ya kumwomba uthibitisho wa usajili huo.

Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Uonyeshe majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, kiasi cha kodi na siku ya kulipa, kiasi cha dipositi na masharti ya kuirudisha, nani hulipia maji, taka na ukarabati, na muda wa notisi. Swali la rangi liandikwe waziwazi, kwa kuwa mivutano mingi ya dipositi huzuka hapo: je, anayehama hupaka rangi upya, au hapana?

Siku ya kupewa ufunguo, na kabla ya kuingiza hata kiti kimoja, mpangaji apige picha za kuta, sinki, choo, vioo na soketi, na azitume kwa mwenye nyumba kwa simu. Picha hizo zenye tarehe ndizo ushahidi wake siku ya kuondoka.

Kwa mzazi kuna kifungu kimoja zaidi cha kuomba: mkataba wa mwaka mmoja unaokwisha Disemba, na kodi isiyopanda kabla ya hapo. Mwenye nyumba anapata uhakika wa mpangaji wa mwaka mzima. Mzazi anapata uhakika kwamba mtoto hatahamishwa katikati ya muhula kwa sababu kodi imepanda Juni.

Hatua ya 6: Notisi, deni na mahali pa kulalamika

Ikiwa mkataba hautaji muda na kodi hulipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inauchukulia kuwa upangaji wa mwezi kwa mwezi. Upande wowote unaotaka kuuvunja hutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoisha siku ya kulipa kodi. Anayetaka kuhama mwanzo wa Januari atoe notisi ya maandishi kabla Novemba haijaisha, na abaki na nakala. Dipositi isigeuzwe kuwa kodi ya mwezi wa mwisho isipokuwa pande zote zimekubaliana hivyo.

Nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi zinalindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, na mizozo yake huamuliwa na baraza maalumu chini ya sheria hiyo. Kwa nyumba za kodi ya juu zaidi, mkataba ndio ngao ya kwanza ya mpangaji. Dai la pesa, kama dipositi iliyozuiliwa, linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016 kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni. Mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inakusudiwa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Mpangaji mwenye deni la kodi naye ana wajibu. Azungumze na mwenye nyumba mapema na kuandika makubaliano ya kulipa. Mwenye nyumba anayetaka kukamata mali kwa sababu ya deni hutumia dalali mwenye leseni. Kung'oa mlango au kuezua mabati familia ikiwa ndani si utaratibu wa sheria.

Kuna jambo la ardhi yenyewe. Mnamo Oktoba 2023, baada ya uamuzi wa mahakama, nyumba nyingi zilibomolewa Mavoko katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliopoteza zaidi ni waliokuwa wamejenga, lakini ubomozi haubagui aliyejenga na aliyepanga. Mpangaji hahitaji kuwa mtaalamu wa hati miliki. Inatosha kumuuliza chifu, naibu wa chifu au mzee wa mtaa kama ploti ina mzozo kabla ya kumsajili mtoto katika shule ya eneo hilo.

Mambo ambayo mkazi anaweza kuidai kaunti

Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea, barabara za kaunti, taa za barabarani, uzoaji wa taka na upangaji wa majengo. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo malalamishi kuhusu darasa la PP1 hupelekwa kwa idara ya elimu ya kaunti, na yale ya Gredi ya 4 kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.

Njia ya giza kati ya mtaa na shule, mtaro usio na kifuniko au kijito kisicho na daraja la miguu ni mambo ya kumweleza msimamizi wa wadi na kuyataja katika vikao vya umma vya bajeti. Wazazi wa shule moja wakifika kikaoni pamoja, wakiitaja njia kwa jina na kusema ni watoto wa gredi zipi wanaoipita, ombi lao huwa na uzito kuliko la mtu mmoja.

Maswali ya kujipima kabla ya kulipa

1. Je, shule imethibitisha kwamba kuna nafasi katika gredi ya mtoto?
2. Je, njia imetembewa asubuhi ya siku ya shule, na njia ya wakati wa mvua inajulikana?
3. Je, kodi, usafiri na maji vimejumlishwa kwa mwezi wa masomo na kwa mwezi wa likizo?
4. Je, angalau wapangaji wawili wameulizwa kuhusu maji, stima na usalama?
5. Je, jina la anayelipwa linalingana na lililo kwenye mkataba?
6. Je, mkataba unataja dipositi, rangi, notisi na tarehe ya kupandisha kodi?
7. Je, picha za nyumba zimepigwa na kutumwa kabla ya kuhamia?

Mzazi mwenye jibu la "ndiyo" kwa maswali yote saba anaweza kulipa. Mwenye "la" hata moja asubiri siku moja zaidi na kulitafuta jibu hilo, kwa maana baada ya dipositi kulipwa, kugeuza nia humgharimu yeye, na mtoto hupoteza siku za masomo.